Kitundu cha Shingo ya Saksafoni

Benchi letu liko mbele ya kinyozi, kati ya duka la rangi na chumba cha dobi, na kama hulijui basi wewe ndiye usiyejulikana. Ni ubao wa mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, kitasa chake bado kipo, na anayekalia kitasa ni yule aliyechelewa. Mimi sikalii kitasa. Mimi naitwa Profesa Nusu, kwa sababu shule niliiacha kidato cha pili, tena niliiacha mimi, haikuniacha yenyewe. Walimu wangu mpaka leo wanahangaika na wale waliobaki. Nauza makava ya simu kwenye meza ndogo hapo pembeni. Nikipata mteja nauza, nikikosa nafundisha. Asubuhi hiyo darasa lilitimia: Kinyozi, mwenye wembe mkali na akili butu, Mstaafu, aliyekuwa karani miaka thelathini na mitano na mpaka leo akipewa kikombe cha kahawa anataka kujua nakala imebaki kwa nani, Fundi Bomba, aliyeziba mabomba ya mtaa mzima na bado mtaa mzima umelowa, na Mama Kahawa na birika lake, mwanamke asiyecheka bure.

Saa tatu na robo, Mzee Saksi akavuka kutoka chumbani kwake, amevaa koti jeupe ambalo hatukuwahi kuliona.

Mzee Saksi ndiye dobi wetu. Kabla ya udobi alipuliza saksafoni miaka ishirini na saba katika bendi ya jazi ya ile hoteli kubwa, mpaka hoteli ikanunua spika mbili na kijana wa kubonyeza, na bendi ya watu tisa ikaambiwa asanteni sana, mlango ule pale. Tangu hapo saksafoni ikalala mvunguni, mzee akashika pasi ya mkaa.

– Mzee, leo unaoa? – Kinyozi akamwuliza.

– Leo nasikilizwa – akasema Mzee Saksi, akakaa kwenye kitasa bila kulalamika.

Habari yenyewe tulikuwa nayo wote, kwa sababu ujumbe uliingia kwenye simu yake na simu yake huwa naifungua mimi. Kuna bendi mpya ya jazi, vijana watupu. Jumapili wana onyesho la nyimbo za ile bendi ya hotelini. Nyimbo zile hazikuandikwa popote, ziko kichwani mwa mzee peke yake. Wenzake wengine wametangulia, na waliobaki hawakumbuki hata majina ya wajukuu. Kiongozi wa bendi angefika saa nne kamili amsikie. Akiridhika, mzee anapanda jukwaani Jumapili. Asiporidhika, sehemu ya saksafoni itapigwa na kinanda cha umeme.

– Kinanda nacho si kibaya – Kinyozi akasema. – Hakioti mvi.

– Hakikai kwenye kitasa pia – nikasema.

– Mkinyamaza kidogo mtasikia uvivu wenu ukipumua – Mama Kahawa akasema, akammiminia mzee kikombe chake cha kwanza.

Mzee akamgeukia Fundi Bomba.

– Fundi, kazi yangu?

Fundi Bomba alikuwa akingoja aulizwe. Siku tatu nzima saksafoni ilikuwa kwake, maana mzee alipoitoa mvunguni aliikuta inavuja hewa, na mtaani kwetu kinachovuja kinapelekwa kwa Fundi Bomba hata kama ni pua. Akaitoa kwenye gunia kama mkunga anayetoa mtoto wa kiume.

– Kazi ya kitaalamu, mzee. Niliijaza maji nikatazama inapotokea.

– Uliijaza maji?

– Maji safi! Ya kunywa!

Mzee alifumba macho kidogo, kama mtu anayehesabu mpaka kumi akaishia sita. Akaigeuza ile saksafoni, akabonyeza vifuniko kimoja kimoja. Vilifunga vizuri. Fundi alikuwa amevivalisha ngozi mpya, ya kiatu, lakini ngozi. Mzee akatoa mfukoni kile kijiti chembamba cha mwanzi, akakilambalamba, akakifunga mdomoni pa chombo, akavuta pumzi.

Sitaki kusema uongo, na mimi kusema ukweli ni kazi ngumu, lakini sauti ya chini ilipotoka, kahawa ilitetemeka kwenye vikombe. Ilikuwa nzito, ya joto, kama ng'ombe aliyeshiba anayekumbuka nyumbani. Mteja wa Kinyozi alitoka nje na nusu ya ndevu.

Kisha mzee akapanda. Akafika katikati, akabonyeza kitu kwa dole gumba, sauti ikapasuka. Ikawa kama mlango mkavu unaolia. Akarudia. Ikapasuka tena. Akashusha saksafoni, akapapasa shingo yake, pale juu inapopinda.

– Fundi, hapa palikuwa na kitundu.

– Palikuwa nacho! – Fundi akasimama kwa furaha. – Mnaona? Mzee mwenyewe anajua! Kidogo kama cha sindano, mtu mwingine asingekiona. Maji yalikuwa yanatokea pale tiii, tiii. Nikasema, huyu hapa ndiye mwizi wa pumzi ya mzee. Nikang'oa na kile kifuniko chake kisicho na kazi, nikapiga risasi ya kulehemu, nikapiga msasa. Pitisha kidole, husikii kitu.

– Sisikii kitu – akasema Mzee Saksi.

– Ndiyo ufundi huo.

– Fundi, kitundu kile ndicho kinachopandisha sauti. Kikifunguka napanda juu. Hakipo, nabaki chini.

Hata mteja mwenye nusu ya ndevu alielewa.

– Lakini si ulisema inavuja? – Fundi akasema.

– Vifuniko vya chini ndivyo vilivyovuja.

– Hivyo pia nimeziba! Usipoziba ufa utajenga ukuta.

– Wewe umeziba mlango, ukasema ni ufa – Mama Kahawa akamwambia.

Ilikuwa saa tatu na nusu. Mzee akauliza kama kuna mtu anayeweza kuitoa ile risasi bila kuharibu shingo. Fundi akasema ana keekee, atatoboa dakika moja. Mzee akasema keekee itakitanua, na kikitanuka hata kwa unene wa unywele basi, saksafoni nzima inakuwa filimbi ya kuitia mbwa. Akaomba kifuniko chake. Fundi akakitafuta mfukoni, kati ya misumari na nusu ya mkate, akampa bila kumtazama. Mzee akakitia kwenye koti jeupe, akakaa, akashika kikombe kwa mikono miwili.

Hapo ndipo benchi lilipoingia kazini. Jambo likishaharibika, hakuna mahali duniani penye wataalamu wengi kama kwetu.

– Mimi naona hii ni bahati – Kinyozi akaanza. – Mwanajazi bila mkosi si mwanajazi. Soma maisha ya wanajazi wote wakubwa. Mmoja kapoteza meno, mmoja kaweka chombo rehani, mmoja kaachwa na mke stesheni. Ndiyo maana walipuliza vizuri.

– Umesoma maisha ya nani wewe? – nikamwuliza.

– Niliwahi kumnyoa mtu aliyesoma.

– Akakuambia yote hayo?

– Alikuwa na nywele nyingi.

– Haya, endelea.

– Tena mwanajazi wa kweli hafiki miaka arobaini. Anawaka, anazimika. Mzee, una miaka mingapi?

– Sabini na mmoja.

– Hapo ndipo ulipokosea.

– Samahani – akasema Mzee Saksi.

– Usiombe radhi, mzee – Mstaafu akaingilia, akainua kidole kile cha kugongea mihuri. – Tatizo si umri, tatizo ni utaratibu. Nyinyi wanajazi hamkuwa na faili. Miaka ishirini na saba hotelini, barua ya kuajiriwa iko wapi? Ya kupandishwa cheo? Mtu anapanda sauti miaka yote hiyo, cheo hakipandi! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi guu langu ni zima, kwa hiyo nisikilizeni.

– Hiyo methali haiendi hivyo.

– Inaendaje, Profesa?

– Haiendi kabisa. Guu limevunjika.

– Mimi nitawaambia jazi ni nini – Fundi Bomba akasema, maana kimya kilikuwa kinamla. – Saksafoni ni bomba. Nimelifungua, nimeliona, msinidanganye. Upande mmoja presha, upande wa pili koki. Ukifunga koki zote, sauti nzito. Ukifungua moja, nyepesi. Sasa wanajazi walikuwa watu waliokosa fundi. Mabomba yao yalivuja, wakaona haya kusema, wakasema ni mtindo. Jazi ni bomba linalovuja kwa adabu.

– Kwa hiyo wewe umeiponya jazi? – Mama Kahawa akauliza.

– Mimi nimeitibu, mama. Kupona ni juu yake.

Mzee alicheka. Nasema alicheka kwa sababu nilimwona, mabega yalitikisika. Kisha akaanza kusimulia, polepole, akitazama ndani ya kikombe.

– Sisi tulijifunza kwa santuri. Bendi nzima tulikuwa na santuri moja na mashine moja, na mashine yenyewe imechoka, inazunguka taratibu. Kuna wimbo mmoja tulikaa nao wiki nzima. Jumamosi tukaupiga ukumbini jinsi tulivyousikia, taratibu, kama watu wanaobeba kabati ngazini. Watu wakasimama. Wakashikana, wakacheza wamefumba macho. Mwezi uliofuata akaja mgeni mwenye santuri ileile, akatupigia kwenye mashine nzima. Kumbe ulikuwa wimbo wa mbio! Meneja akasema, mkithubutu kuukimbiza nawafukuza wote. Tukaupiga vile vile miaka ishirini na sita. Ule ndio tulioitiwa kila harusi. Na mpiga tarumbeta wetu alikuwa na namna yake ya kuingia, anachelewa makusudi, halafu mimi napanda juu kumpokea...

– Mpiga tarumbeta aliishia wapi? – Kinyozi akamkata.

– Gari la wagonjwa. Dereva. Alisema king'ora kinamtosha.

– Na wa ngoma?

– Buchani. Mpiga besi alikuwa mlinzi wa ghala. Wa piano alisafiri, akatuma kadi moja, kwamba kuna baridi.

– Mnaona! – Kinyozi akapiga paja. – Mikosi! Nimesema nini mimi?

– Hakuna mkosi hapo, hakuna faili – Mstaafu akasema.

– Hakuna koki – akasema Fundi.

Na hapo mzee alikuwa bado amefungua mdomo, maana hakuwa amemaliza kutuambia alikuwa anapanda juu kumpokea vipi. Akaufunga. Nilimwona, na sikusema kitu, kwa sababu mimi nami nilikuwa na hoja yangu na hoja ikikaa ndani huchacha.

– Jamani, saa tatu na dakika arobaini – nikasema. – Nyinyi mnatafuta ugonjwa, mimi natafuta dawa. Mzee anahitaji meneja. Wanajazi wote walioshindwa walikosa meneja mwenye akili. Mimi jazi naijua, juzi nimesikiliza dakika nne nzima bila kuruka. Huyo kiongozi akifika, mzee asiguse sauti ya juu. Sisi tutamweleza kwa nini.

– Kwa nini?

– Kwa sababu amekatazwa.

– Na nani?

– Na serikali.

Kinyozi aliweka kikombe chini. Anapoweka kikombe chini ujue ameuona uongo mzuri na anautamani.

– Alikuwa anapanda juu sana – nikaendelea. – Siku moja akapanda, vioo vya benki vikapasuka. Benki nzima. Walinzi wakalala chini. Ikatoka amri: huyu mzee apulize chini tu, kwa usalama wa taifa.

– Barua ya amri ninaweza kuiandika – Mstaafu akasema, macho yameng'aa. – Kumbukumbu namba, nakala kwa wahusika wote. Mhuri ninao nyumbani, niliondoka nao kwa bahati mbaya.

– Lakini mtu hawezi kutuamini kwa benki peke yake – akasema Kinyozi. – Lazima maisha yake yote yalingane. Tuanze na kuzaliwa. Wanajazi huzaliwa kwa shida.

– Kwa mvua.

– Kwa mvua na radi. Mama yake alikuwa njiani.

– Njiani kwenda wapi?

– Kwenye dansi.

– Mtoto akalia, mkunga akasema hii si sauti ya mtoto, hii ni sauti ya chini ya saksafoni.

– Mkunga angeijuaje saksafoni?

– Mume wake alikuwa fundi bomba – akasema nani kama si Fundi Bomba.

Tukabishana juu ya mkunga dakika tano. Mstaafu akataka tarehe. Kinyozi akasema wanajazi hawana tarehe, wana enzi. Mimi nikasema baba yake alikuwa mfanyabiashara wa pembe, Fundi akasema pembe zipi, za ng'ombe au za kupulizwa, nikamwambia zote, ndipo ukoo ulipoanzia. Tukamtoa kijijini, tukamwingiza mjini, tukampa mapenzi na mke wa balozi, Mstaafu akayatoa yale mapenzi kwa sababu hayana maadili, Kinyozi akayarudisha kwa sababu bila hayo mzee asingejua kupuliza kwa huzuni. Tukampeleka ng'ambo kwa meli. Meli ikazama. Akaelea juu ya ngoma kubwa ya bendi siku tatu, akipuliza ili papa walale.

– Mbili – Mstaafu akasema. – Siku tatu haziaminiki.

– Mgeni njoo, mwenyeji apone! – akasema Kinyozi, na wakati huo hapakuwa na mgeni wala mgonjwa.

Lakini mgeni alikuja. Saa nne kamili, hata dakika haikuzidi, na hilo peke yake lilitutisha. Tulitazamia mtu mwenye tumbo na miwani ya jua. Akaja binti mwembamba, miaka ishirini na kitu, viatu vya kutembelea, mgongoni kasha jeusi la tarumbeta.

– Shikamooni.

– Marahaba – tukaitikia wote, hata mimi niliyemzidi miezi.

– Namtafuta mzee aliyekuwa akipiga saksafoni hotelini. Niliambiwa anapatikana hapa. Mimi ndiye kiongozi wa bendi.

– Wewe? – Kinyozi akasema.

– Mimi.

– Umefika penyewe, binti – nikasimama, nikafuta kiti kwa kava la simu. – Mimi ndiye meneja wake. Kabla hujamsikia lazima umjue. Mwanajazi si sauti tu, ni historia.

– Ndiyo, historia yake ningependa sana...

– Alizaliwa kwa radi.

– Na mvua – akasema Fundi.

– Mama yake akienda dansi. Akiwa na miaka sita alipuliza mbele ya wafalme watatu.

– Wanne – akasema Kinyozi. – Mmoja alilia.

– Aliyelia alikuwa waziri – Mstaafu akasahihisha. – Wafalme hawalii hadharani, kuna waraka.

Binti alitoa daftari. Hicho ndicho kilichotumaliza. Mtu akiandika unachosema, ulimi hauna tena breki. Kinyozi akamwambia mzee alikuwa na pafu la tatu, madaktari walitaka kulinunua. Fundi akasema saksafoni yake ilichimbuliwa chini ya mto, na kwamba yeye mwenyewe, fundi, ndiye pekee aliyeruhusiwa kuigusa. Mstaafu akataja mhuri. Mimi nikaleta benki, vioo, walinzi, amri ya serikali.

– Ndiyo maana leo utamsikia akipuliza chini tu – nikamalizia. – Juu haruhusiwi. Akipanda, tunakamatwa wote, hata wewe na daftari lako.

– Haruhusiwi kupanda?

– Kabisa.

– Ila mimi nimekuja kwa ajili ya kule juu – binti akasema. – Babu yangu alikuwa akipiga naye. Tarumbeta. Alikuwa ananiimbia, kuna wimbo wao wa taratibu, yeye anachelewa kuingia, halafu saksafoni inapanda juu kumpokea. Pale alipopandia babu hakuweza kunionyesha. Alikuwa anasema, pale mwulize mwenyewe. Bila pale sina wimbo. Kinanda kinajua noti, hakijui pale.

Kinyozi akaangalia wembe wake kana kwamba umemwita.

Binti akatutazama mmoja mmoja. Akamtazama Kinyozi, Fundi, Mstaafu. Akanitazama mimi, akatazama kile kitasa cha mlango mwishoni mwa benchi, kilichokuwa kitupu.

– Na mzee mwenyewe yuko wapi?

Basi. Swali la mtoto wa chekechea. Mimi ninayejua mpaka rangi ya meli iliyozama, sikujua. Kinyozi akaangalia chini ya benchi. Naapa, aliangalia chini ya benchi. Mstaafu akasema alikuwepo kwenye kipengele cha kuzaliwa. Fundi akasema yeye alimwona mara ya mwisho baharini. Kikombe chake kilikuwa pale, kimenywewa mpaka mashapo. Gunia lilikuwa pale. Saksafoni haikuwepo.

– Ameondoka – Kinyozi akasema kwa sauti ndogo. – Amekwenda zake. Amekata tamaa, jamani.

– Sasa nitamwambia nini babu? – binti akasema, si kwetu. Akaanza kufunga daftari.

Nilimtazama akilifunga. Nilijua tu kwamba tulikuwa tumemzaa mtu, tumemkuza, tumemzamisha na kumwopoa, na yule mwingine, yule aliyekuwa amekaa hapa akitaka kutuambia alivyokuwa anapanda, hatukumwachia nafasi hata ya kusema naenda.

Mama Kahawa alikuwa akisuuza vikombe. Akavisuuza vyote, akavipanga, akajifuta mikono.

– Nilitaka kwanza mjibu nyinyi – akasema. – Alipita hapa mkiwa bado mnagombania mkunga. Akaniomba makaa mawili yaliyoiva, ya kuongeza kwenye pasi. Akaniaga. Nyinyi aliwaaga pia, mara mbili.

Tukageukia mlango wa dobi. Ulikuwa wazi nusu, na kutoka ndani ilikuja harufu ya risasi inayoyeyuka, ile kali ya kukwaruza koo, ambayo Fundi Bomba aliinusa kabla yetu akakunja uso. Tukasogea dirishani. Mashati ya watu yalikuwa yamesukumwa pembeni. Juu ya meza ya kupigia pasi, shingo ya saksafoni ilikuwa imelazwa juu ya kitambaa kilicholowa, na mzee, koti jeupe ametundika, alikuwa ameegemeza ncha ya pasi pale pale palipozibwa, taratibu, anainua, anatazama, anaegemeza tena, kama anayenyoosha kola ya bwana harusi. Mkono wa pili una sindano ya vifungo. Tone la risasi likang'aa, likalegea. Akachoma sindano. Akapuliza. Akachoma tena.

– Angeniita – Fundi akanong'ona.

– Nyamaza – Mama Kahawa akamwambia.

Mzee akarudisha kile kifuniko kidogo, akafunga shingo, akafunga kijiti. Hakututazama. Akaanza chini, ile sauti ya ng'ombe aliyeshiba, taratibu kama watu wanaobeba kabati ngazini. Binti alikuwa amesimama karibu nami, na sikuona alipofungua kasha. Nilisikia tu tarumbeta ikingoja. Ikangoja mno. Nikadhani binti ameogopa. Kisha ikaingia, imechelewa makusudi.

Ndani, saksafoni ikanyamaza ghafla, kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni.

Halafu ikapanda. Sina maneno ya kuieleza, na mimi maneno si tatizo langu. Ilipita pale ilipokuwa ikipasuka bila hata kugeuka kupatazama. Ilikwaruza kidogo, maana kitundu kilikuwa bado na ukingo wa risasi, na mkwaruzo ule ukaketi juu ya sauti kama kovu juu ya uso mzuri. Binti akasukuma mlango kwa bega, akaingia huku akipuliza, mlango ukafungika nyuma yake. Sisi wengine hatukukaribishwa.

Tukarudi kwenye benchi.

– Niliwaambia anahitaji mkosi – Kinyozi akasema.

– Makaa ni yangu – Mama Kahawa akasema, akageuza birika. Halikutoa hata tone.

– Mimi ndiye meneja – nikasema. – Jumapili nitakaa mbele.

– Una barua? – akauliza Mstaafu.

Fundi Bomba alikuwa amenyoosha miguu, amekunja mikono kifuani, anasikiliza ile saksafoni kama mtu anayesikiliza maji yakipita kwenye bomba alilolifunga kwa mikono yake.

– Semeni yote – akasema. – Mimi nisingeziba, angezibua nini?